Si kila paka wa mistari ni Sokoke, tuacheni kuuziana uongo

Nianze na kosa langu mwenyewe kabla hamjaniandama kwenye komenti. Mwaka jana nilipiga video ya sekunde arobaini pale Gede. Paka kalala juu ya gunia la makaa, mistari mgongoni, macho ya kijani, kanikazia kama namdai yeye. Nikaandika juu yake: paka adimu zaidi duniani, yuko hapa kwetu! Video ikaenda, mazee. Watu wa Nairobi wakaanza kuuliza bei. Siku ya tatu nikapita tena, paka hayupo. Mama wa makaa akaniambia kuna kijana alikuja na tuktuk, akampa mia tano, akamtia paka kwenye katoni na kuondoka naye. Wiki haijaisha, naona picha ya paka yule yule kwenye kundi la mauzo: Sokoke orijino, 25,000, hakuna kupunguza.

Hakuwa Sokoke. Na aliyempa hilo jina ni mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikihesabu. Malindi, Watamu, Kilifi mjini, hadi Mtwapa, kila mtoto wa paka mwenye mstari kwenye paji anauzwa kwa jina la msitu wetu. Na wanunuzi nao wanameza tu, kwa sababu hakuna anayejua kumtazama paka mwenyewe. Kwa hivyo leo nawapa shule ya bure, halafu nigombane na nyinyi kidogo.

Sokoke ni paka wa kufugwa. Si chui mdogo, hakuzaliwa na fungo, wala si paka pori aliyefugika. Jina limetoka kwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ule mnaoupita upande wa bara mkitoka Kilifi kuelekea Malindi halafu mnashangaa kwa nini intaneti imekata. Hadithi inayosimuliwa Ulaya ni kwamba mwaka 1978 mzungu mmoja mkazi wa Kenya, Jeni Slater, aliona paka na watoto wake kwenye shamba la minazi kando ya msitu, akachukua wawili, dume na jike, akawalea na kuwazalisha. Miaka ya 80 rafiki yake Gloria Moeldrup akawapeleka wengine Denmark. Mwaka 1984 wakaonyeshwa Copenhagen, na kufikia 1993 shirikisho la paka la FIFe lilikuwa limewakubali kama aina kamili, na kuandika jinsi Sokoke anavyotakiwa kuonekana.

Kisha kila mtu anarudia neno moja: aligunduliwa. Aligunduliwa! Hebu ngoja. Nilimwonyesha hawe picha kwenye simu, nyanya yangu mzaa mama, mtu wa Matsangoni ambaye hajui FIFe ni nini wala hajali. Alitazama mara moja tu: "Huyu ni kadzonzo." Akanionyesha gome la mti uani. Hilo ndilo jina la Kigiriama, paka anayefanana na gome la mti. Wagiriama walikuwa na jina, na ndani ya jina kulikuwa na maelezo ya manyoya yake, bora kuliko maelezo yote niliyosoma baadaye. Huwezi kugundua kitu ambacho wenyeji wanakiita kwa jina kila wakikifukuza jikoni.

Na si kwamba namchukia Slater. Aliangalia. Sisi tulikuwa naye uani, tukamrushia ndala.

Sasa, gome la mti. Hapa ndipo wengi wenu mnapopotea, kwa hivyo tulieni. Paka wengi wa mitaani mnaowaona Malindi sokoni wana mistari myembamba inayoshuka ubavuni sambamba, kama mifupa ya samaki. Huyo ni paka wa kawaida kabisa, yuko Lamu, yuko Kisumu, yuko London. Yule wa Gede alikuwa hivyo. Sokoke hana mifupa ya samaki. Ana mabaka mapana yanayojizungusha, na ubavuni mara nyingi utaona duara lenye doa katikati, kama jicho la mbao pale tawi lilipokatwa. Lakini hata hilo peke yake halitoshi, maana paka wa mabaka mapana wako tele Uingereza. Kinachomtofautisha ni unywele mmoja mmoja. Shika unywele uutazame kwenye jua: una pete za giza na mwanga zikifuatana. Zile pete zinaingia mpaka ndani ya mabaka meusi, kwa hivyo baka halikolei, linaonekana kama mtu kanyunyiza chumvi juu yake. Ukirudi hatua mbili nyuma unaona gome. Rangi ni kahawia, kuanzia ya mchanga hadi ya kahawa, na ncha ya mkia ni nyeusi.

Halafu kuna mwili. Manyoya mafupi, yamelala, karibu hayana ile sufi ya ndani, kwa sababu ya joto letu hili. Miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, kwa hivyo anatembea kama msichana aliyevaa viatu vya visigino kwa mara ya kwanza, kwenye ncha za vidole. Ukiuziwa Sokoke mwenye manyoya marefu kama mkeka wa msikitini, rudisha.

Kwa nini ni adimu? Mabaka mapana ni sifa inayojificha. Mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Akipata upande mmoja tu, mifupa ya samaki inashinda. Kwa hivyo kadzonzo wa Jilore akizaa na paka aliyeletwa na familia kutoka Nairobi, watoto wanaweza wote kutoka na mistari ya kawaida, huku sifa imelala ndani yao ikisubiri. Mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba jeni inayompa paka mabaka hayo, iitwayo Taqpep, ndiyo hiyo hiyo inayomgeuza duma wa madoa kuwa yule wa mabaka marefu wanayemwita duma mfalme. Herufi chache tu za jeni, na manyoya yote yanabadilika. (Hii peke yake ingekuwa video. Lakini mtu akitaja jeni, nusu yenu mnaruka.)

Na DNA ilishatuambia jambo jingine, ambalo wauzaji hawataki mlisikie. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipolinganisha paka wa dunia mwaka 2008, Sokoke hakuangukia kwa paka pori. Aliangukia karibu na paka wa mitaani wa Lamu. Yaani ni jamaa ya wale wanaopigania vichwa vya samaki bandarini! Mimi naona hiyo ni stori tamu kuliko ile ya chui wa msituni. Lakini haiuziki 25,000, kwa hivyo tangazo bado linasema "damu ya porini".

Najua mtakachoniambia, mshanitumia tayari. Kwamba vijana hawana kazi, waache watafute, mnunuzi ni tajiri wa Nyali, nani kaumia? Nitawaambia nani kaumia. Watoto wa paka wanaochukuliwa hawajaacha kunyonya, kwa sababu wakiwa wadogo wanauzika haraka. Nimeona watatu ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, jua la saa saba, hata maji hamna. Mmoja alikuwa hafungui macho. Hawana chanjo ya kichaa, na kichaa hakiji na mbwa peke yake, paka pia anakuletea. Na huyo kijana wa tuktuk anaingia mashambani Mida na Kakuyuni akiwasaka, kwa hiyo hata akimpata kadzonzo wa kweli, anamtoa mahali pekee ambapo angezaa na mwenzake mwenye sifa hiyo hiyo. Adimu inazidi kuwa adimu, na wewe umelaiki.

Mnakumbuka twiga weupe wa Ishaqbini kule Garissa? Mwaka 2017 dunia nzima iliwashea. Machi 2020 tukaambiwa mama na mtoto wake wameuawa na majangili, amebaki dume mmoja, ikabidi afungwe kifaa cha kumfuatilia. Sisemi paka atauawa kwa sababu ya video yangu. Nasema tukishatangaza kwamba rangi fulani ni dhahabu, hatuna uwezo wa kuchagua nani atasikia.

Mimi nimefuta ile video. Sasa nikipiga picha ya paka mwenye mabaka sitaji kijiji, na nikitumiwa picha niseme ni Sokoke au la, sijibu nikijua inaenda kwenye tangazo. Niiteni mchoyo. Ukimtaka kadzonzo uani kwako, muulize hawe wako kama wapo kijijini, msubiri paka azae, mchukue mtoto akishaacha kunyonya, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hiyo haina komisheni ya mtu.

Yule wa Gede, nimejua alipo. Aliyemnunua alinifuata inboksi wiki iliyopita, akanitumia picha kumi, akauliza kama ni wa kweli. Nilikaa nayo siku nzima. Mwishowe nikamjibu: ni paka mzuri, mpeleke chanjo, na hapana. Alama mbili za buluu zimewaka. Hajajibu mpaka leo.