Mwenye Jengo Hakununulii Kufuli

Karibu kila mfanyabiashara anayetaka kuondoa seva ofisini kwake na kuhamia kwenye huduma za wingu huniuliza swali lilelile: kati ya Amazon, Microsoft na Google, kwa nani ni salama zaidi? Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari. Wanaamini kwamba ukishailipa kampuni kubwa ya Marekani, habari ya usalama imekwisha. Data iko kwa watu wenye majengo yanayolindwa usiku na mchana na wahandisi kwa maelfu. Wewe umebakiwa na kulipa ankara ya mwezi. Imani hiyo ni potofu, na ni ya hatari, maana humfanya mtu alale usingizi mzito mlango ukiwa wazi.

Aliyewahi kupanga fremu Kariakoo hahitaji kufundishwa. Mwenye jengo anakupa kuta, paa, mlango wa chuma na mlinzi wa nje. Kufuli unanunua mwenyewe. Nani akae na ufunguo wa akiba, unaamua mwenyewe. Siku ukikuta mzigo umebebwa na mtu aliyeingia kwa ufunguo uliompa wewe, mwenye jengo atakupa pole na kodi utaendelea kumlipa. Mikataba ya kampuni zote tatu imejengwa juu ya msingi huohuo, na wala hawaufichi. Wanauita wajibu wa pamoja. Majengo, umeme na mitambo ni juu yao. Nani anaingia, anaruhusiwa kuona nini, na nakala ya akiba iko wapi, hayo ni juu yako.

Tuitazame Capital One, moja ya benki kubwa za Marekani, iliyohamia Amazon mapema kuliko wenzake wengi. Mwaka 2019 iligundua kwamba mtu alipenya kupitia fayawoli iliyopangwa vibaya, akajipatia vibali vya seva iliyokuwa imepewa ruhusa kubwa kuliko kazi yake, akanakili taarifa za watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada. Hakuna ukuta wa Amazon uliobomolewa. Mwaka uliofuata msimamizi wa mabenki aliitoza faini ya dola milioni 80, kwa sababu haikupima ipasavyo hatari zake kabla ya kuhama. Aliyetozwa alikuwa mpangaji.

Utasema pengine wangechagua wingu jingine. Basi tuje mwaka 2024, kwa wateja wa Snowflake. Hii ni huduma ya kuhifadhi na kuchambua data inayofanya kazi juu ya Amazon, juu ya Microsoft na juu ya Google vilevile, mteja achague. Wezi hawakujali mteja alichagua lipi. Walikuwa na majina na nywila zilizoibwa kwa virusi kutoka kwenye kompyuta za watumiaji, nyingine miaka kadhaa nyuma na hazikuwahi kubadilishwa. Akaunti walizoziingia hazikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili, ule wa namba inayokuja kwenye simu. Taasisi zipatazo 165 ziliarifiwa kwamba huenda zimeguswa, zikiwemo kampuni za ukubwa wa AT&T. Kinga ambayo ingewaokoa wengi wao ni jambo la dakika chache kuiwasha.

Najua upande wa pili wa hoja. Wapo wanaosema, kama ni hivyo, turudishe seva ofisini. Sikubaliani nao hata kidogo. Seva iliyowekwa chini ya ngazi, inayopozwa na feni moja na kuzimika kila umeme unapokatika, si salama kuliko chochote nilichokitaja hapa. Ninachokipinga ni kudhani kwamba ukubwa wa mwenye jengo unakuondolea wajibu wako.

Na wakubwa nao huanguka. Mwaka 2023 wadukuzi waliohusishwa na China waliutumia ufunguo wa siri wa Microsoft yenyewe kusoma barua pepe za maofisa wa serikali ya Marekani, akiwemo Waziri wa Biashara wa wakati huo, Gina Raimondo. Bodi ya serikali iliyochunguza tukio hilo ilihitimisha kwamba lingeweza kuzuiwa. Mei 2024 ikawa zamu ya Google. Mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, uliamka na kukuta mfumo wake umefutwa kwa kosa la mpangilio upande wa Google. Mfuko ulikuwa makini: ulitunza data katika maeneo mawili tofauti. Lakini maeneo yote mawili yalikuwa chini ya akaunti moja, na akaunti ilipofutwa vyote vikaondoka pamoja. Miongoni mwa vilivyowasaidia kusimama tena ni nakala walizokuwa wameziweka kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Ningependa kila mwenye biashara aisome habari hiyo mara mbili. Nyumba mbili za mwenye mmoja si nyumba mbili.

Hata moto ulishatufundisha hilo: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya wingu ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto. Wapo wateja waliogundua asubuhi hiyo kwamba nakala zao za akiba zilikuwa palepale pamoja na data yenyewe. Miezi minne baadaye, tarehe 10 Julai, soko letu la Kariakoo nalo likaungua. Mfanyabiashara aliyekuwa na stoo mtaa mwingine alikuwa na pa kuanzia. Aliyeweka kila kitu ndani ya soko hakuwa napo. Tunalielewa hili likiwa magunia na majora. Kwa nini tunalisahau likiwa data?

Tena kuna umbali. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Muuzaji atakwambia sasa wingu limesogea karibu. Mei hiyohiyo ya 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki; Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili. Data ya aliyeko Dar ilikuwa salama salimini huko iliko. Hakuweza tu kuifikia, na mteja alikuwa amesimama kaunta.

Na ikitokea data imevuja, sheria itaanza na wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inamtambua mkusanyaji na mchakataji. Mkusanyaji ni wewe uliyemwomba mteja namba yake ya kitambulisho. Kenya wana sheria yao tangu 2019.

Kwa hiyo anayeniletea jedwali la bei na vyeti vya ubora namrudisha kwa watu wake kwanza. Kama ofisi nzima tayari inatumia barua pepe za Microsoft, kuwa na orodha moja ya wanaoingia ni faida kubwa kuliko punguzo la bei popote. Amazon ina huduma nyingi zaidi, na kila huduma ni mlango wa kufungwa na mtu anayejua. Kisha namwuliza gharama ya kuitoa data siku akitaka kuhama, maana kuiingiza ni rahisi.

Kampuni moja ya kusafirisha mizigo iliniita niwasaidie kuchagua. Tayari walikuwa na huduma ya wingu, ya jina kubwa, na walitaka kuhamia kubwa zaidi kwa ajili ya usalama. Niliomba kwanza orodha ya wenye ruhusa ya kuingia. Ilichukua siku tatu kupatikana. Tukakaa Jumamosi na mama mwenye kampuni, tukipitia jina baada ya jina. Kati ya akaunti 19, saba zilikuwa za watu ambao hawapo tena kazini. Ya mhasibu aliyeondoka mwaka mmoja nyuma ilikuwa na ruhusa ya kufuta chochote. Mara ya mwisho iliingiwa ilikuwa Jumanne ya wiki hiyohiyo.