Fundi wa Delta Naye Aonekane

Siku hizi mwenye simu aweza kukaa barazani kwake, akafungua video za makumbusho ya London au Muscat, akaonyeshwa jinsi watu wa kale walivyoyeyusha chuma, walivyofinyanga vyungu na walivyounda vyombo vya bahari. Sisi twalipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Mfanyakazi wa bandarini na mkulima wa mpunga wa Salale hawana nauli ya kwenda kutazama makabati ya vioo ya Ulaya; basi makabati hayo na yawajie. Lakini yatupasa kuuliza: katika sinema hizo, fundi wetu yu wapi?

Twatoa mfano wa chombo cha kushonwa. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, chasimulia habari za Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, na chasema kuwa jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Katika bidhaa zilizoletwa huko zimetajwa mashoka na misharasi ya kutobolea. Mahali hasa ilipokuwa Rhapta wataalamu wangali wakibishana, ila Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameielekeza Rufiji, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizochimbuliwa Mkukutu, Kibiti.

Ushonaji huo haukuwa mchezo. Mbao zilitobolewa kandokando, zikapangwa ukingo kwa ukingo, kisha kamba ya makumbi ya nazi ikapitishwa matunduni, ikavutwa mpaka ikakaza, na matundu yakazibwa. Chombo cha mwisho cha namna hiyo kwetu kilikuwa mtepe, wenye tanga la mkeka, ulioundwa zaidi visiwa vya Lamu. Ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 uliundwa mwingine kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Kitu kimoja ndani ya jumba moja ni amana hafifu.

Wenzetu wa Oman walipokishona chombo Jewel of Muscat, kati ya mwaka 2008 na 2010, kazi ilipigwa picha za sinema, na chombo kikasafiri hadi Singapore. Mbao zake zilitoka Ghana. Kijana wa Salale apendaye kujua ushonaji leo atawatazama mafundi wa Oman na India. Hatuwaonei kijicho; twasema tu kwamba wao waliwasha kamera.

Tena kuna jambo ambalo video za makumbusho hulipita upesi. Mgeni anayeingia nyumba ya kale ya mawe, Lamu au Unguja, husifu mlango wa nakshi. Ni wachache waulizao kwa nini vyumba ni vyembamba. Sababu ni boriti: dari lililazwa juu ya miti ya mikoko, na kwa kawaida upana wa chumba haukuzidi sana mita 3. Kwa hiyo mkata boriti, aliyesimama topeni akingoja maji kujaa, ndiye aliyekipimia tajiri chumba chake. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, ilipeleka boriti mpaka Arabuni, na mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliweka kituo cha msitu hapo hapo Salale. Historia ya sanaa isiyomtaja mkata boriti ni nusu ya historia.

Kuna watakaosema kwamba watu wa delta, walioona mafuriko ya mwaka 2024, wana haja ya barabara na zahanati kabla ya sinema. Ni kweli, wala hatusemi video itangulie zahanati. Lakini zahanati yaweza kujengwa mwakani. Fundi akishazikwa hajengwi tena.

Kwa hiyo twaishauri Makumbusho ya Taifa, pamoja na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, ipeleke wapiga picha Salale. Warekodi kazi nzima, toka kuchagua mti, kwa kibali na kwa sheria ya msitu, mpaka chombo kushushwa majini. Na si mitumbwi na madau tu, bali mikeka ya ukili, wando wa samaki na dungu la shamba la mpunga. Fundi aseme mwenyewe, kwa Kiswahili chake na majina yake ya vifaa. Tumechoka na video za ngoma tupu ambamo mwenye kazi hasikiki. Jina lake liandikwe, alipwe ujira wa siku zake, na nakala ziwekwe shuleni pale pale, kwa kuwa bando la intaneti lina gharama. Kazi ianzie kwa mzee kuliko wote, maadamu mikono yake ingali yashika tezo.