Tamko la Makocha wa Kandanda Kuhusu Mkufunzi wa Harambee Stars

Makocha wa kandanda nchini Kenya, kupitia chama chao, wanautangazia umma na mamlaka husika yafuatayo.

1. Mwezi Novemba 2025, timu ya taifa, Harambee Stars, ilicharazwa na Senegal mabao 8-0 katika mechi ya kirafiki nchini Uturuki. Septemba ilikuwa imelazwa na Gambia 3-1 uwanjani Kasarani. Mkenya aliyeumizwa na matokeo hayo ana haki ya kuumia, na Chama kimeumia pamoja naye.

2. Hata hivyo, mkufunzi wa timu hiyo, Benni McCarthy, ndiye aliyewaongoza wachezaji wa ligi ya nyumbani kuzishinda DR Congo, Morocco na Zambia katika mashindano ya CHAN mwezi Agosti mwaka huo, wakabanduliwa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Miezi mitatu haimpokonyi mtu ujuzi wake.

3. Adel Amrouche, aliyekuwa mkufunzi wa Harambee Stars, alifutwa kazi mwaka 2014 mkataba wake ukiwa hai. Kenya iliishia kuamriwa imlipe takriban dola milioni 1 za Marekani, na deni hilo nusura liiondoe nchi katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Baada ya AFCON ya 2019, benchi lilipita mikononi mwa Kimanzi, Mulee na Firat kabla ya McCarthy. Kenya haikucheza AFCON hata moja kati ya tatu zilizofuata. Kubadilisha makocha tumekwisha kujaribu.

4. Msimamo wa Chama ni kwamba mkataba huvunjwa kwa masharti yaliyomo ndani yake, wala si kwa ghadhabu ya wiki moja. Shirikisho la kandanda nchini likiona mkufunzi hafai, limwonyeshe kwa maandishi malengo aliyoshindwa kuyatimiza, limsikilize, kisha limlipe stahili zake zote. Kinga hii si ya mgeni peke yake. Kocha wa klabu ya daraja la chini, anayeachishwa kazi kwa simu huku akidai mishahara, anaitegemea zaidi.

5. Kwa hiyo, Chama kinalitaka Shirikisho litangaze hadharani malengo ya timu kuelekea AFCON ya 2027, itakayoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda. Chama pia kimeazimia kwamba mwanachama wake yeyote hatapokea kazi ya kuinoa Harambee Stars iwapo nafasi itapatikana kwa kukiuka mkataba.