Mheshimiwa Waziri, Sapele Hii Imetoka Msitu Gani?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kanada

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Agincourt, Toronto, ninakofanya kazi ya useremala. Wateja wangu wanapenda sana sapele: mbao ya wekundu wa kahawia, yenye mistari inayometa, na ukiipasua hunukia kama mwerezi. Mti wenyewe huota katika misitu ya Afrika, Kongo ikiwemo. Nikimuuliza muuzaji umekatwa msitu gani, hana jibu. Hunituliza tu kwamba huko siku hizi hawafyeki. Wanachagua mti mmoja hapa, mwingine kule.

Huko kuchagua ndiko kunakonikosesha usingizi. Msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, ulivunwa kwa mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye kitalu kimoja kilichovunwa sana ilitolewa miti saba hivi kwa hekta. Lakini ukijumlisha iliyoangukiwa na iliyosagwa na mitambo, watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya miti yote ilikwenda. Jua likapiga chini, magugu yakatanda, tembo wakayafuata malisho hayo na kuvunjavunja miche iliyojaribu kuinuka. Colin Chapman, aliyewahi kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal (msomi wa hapa hapa kwenu), na wenzake walilinganisha hesabu za wanyama kwa kipindi cha miaka 28. Mbega weusi kwa weupe hawakuona taabu. Kima wenye mikia myekundu walikuwa bado wanapungua kwenye kitalu kilichovunwa sana.

Nisizidishe chumvi: palipovunwa kidogo, msitu uliumia kidogo. Kwa hiyo siombi upige marufuku sapele, nami ninakula kwa mbao hizo hizo. Ninachosema ni kwamba neno “kuchagua” halitoshi. Imetolewa miti mingapi, na kwa barabara ngapi? Maana mara nyingi barabara ya magogo haifungwi gari la mwisho likiondoka, wawindaji huirithi.

Na sapele si mbao tu. Huko Kongo, majani yake hulisha viwavi ambao watu hukusanya, hula na kuuza sokoni. Mkataji hutafuta mti mnene, mkongwe, na huo ndio wenye majani mengi ya kulisha viwavi hao. Kwenye ankara ninayopewa Toronto, kitoweo cha watu hao hakina safu yake.

Mheshimiwa, sheria ya Kanada ya mwaka 1992 inakataza kuingiza nchini mmea uliopatikana kwa kuvunja sheria za nchi ulikotoka. Lakini ofisa wa forodha atalijuaje kosa ikiwa hajui mti ulikatwa wapi? Marekani ilipanua sheria yake ya namna hiyo mwaka 2008, ikawataka waagizaji wa bidhaa nyingi za mbao kutaja jina la kisayansi la mti na nchi ulikokatwa. Naomba hapa mdai hayo, na mwongeze jina la kitalu na kiasi kilichovunwa kwa hekta. Kisha taarifa hiyo isiishie bandarini. Ifuatane na mbao hadi dukani, niweze kumsomea mteja kabla hajalipa.

Wako mtiifu,
Fundi seremala, Agincourt