Rege: Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kwa watu, lakini mimi naona yafaa kwa nyimbo pia. Muziki wa rege umekuwa mgeni wa dunia kwa zaidi ya nusu karne, na jambo ninalotaka tulipime leo, wasomaji wangu, ni hili: ni wapi mgeni huyu alipewa jembe akalima, na ni wapi ameachwa barazani akinywa kahawa?

Asili yake haina ubishi. Ni Jamaika, kisiwa kilichopata uhuru mwaka 1962, na jina lenyewe lilishika baada ya sahani waliyoitoa Toots and the Maytals mwaka 1968. Wazee wetu waliposikia habari za Marasta wanaomtukuza Mfalme Haile Selassie walishtuka, nao walikuwa na haki, kwani Muislamu hampi kiumbe utukufu wa Muumba. Hata hivyo, mahadhi ni kitu kimoja na itikadi ni kitu kingine, na havikusafiri daima katika jahazi moja.

Uingereza ndiko alikoshika jembe mapema. Wajamaika walikwenda huko kutafuta kazi baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakazaa na kulea. Watoto wao hawakuridhika kuimba habari za Kingston tu. Mwaka 1978 vijana wa kundi la Steel Pulse walitoa sahani iliyobeba jina la Handsworth, mtaa wao wenyewe mjini Birmingham. Mwaka uo huo, katika mji uo huo, likazaliwa kundi la UB40, weupe na weusi pamoja, wakajiita kwa jina la fomu ya watu wasio na kazi wanaoomba posho ya serikali. Kijana aliyekuwa na fomu hiyo mfukoni hakuhitaji kufasiriwa.

Afrika ilimpokea kwanza kama mgeni wa heshima. Aprili 1980 Bob Marley aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, na mwaka uliofuata akafariki. Lakini jembe lilitolewa kwingine, Abidjan, katika nchi ya Kodivaa.

Huko alikuwako kijana aitwaye Seydou Koné, aliyezaliwa mwaka 1953 na kupitia masomo Marekani. Aliporudi kwao alijiita Alpha Blondy, na katika sahani yake ya kwanza, Jah Glory, akatia wimbo uitwao Brigadier Sabari. Wimbo huo wasimulia msako wa polisi mitaani Abidjan na kipigo alichokipata. Haukuimbwa kwa Kiingereza cha Kijamaika bali kwa Kidiula, lugha iliyoenezwa na wafanyabiashara Waislamu wa Afrika ya Magharibi, kama Kiswahili kilivyofuata majahazi na misafara huku kwetu.

Sikio langu lilinasa neno hilo "sabari". Ni subira yetu hii hii, iliyotoka katika Kiarabu cha Kurani ikaingia Kidiula kama ilivyoingia Kiswahili. Mtu anapigwa na askari, naye amwomba mkubwa wao kwa neno alilofunzwa na wazee wake! Mchuuzi wa sokoni, asiyejua Jamaika iko upande gani wa dunia, alifahamu mara moja. Na tukumbuke kwamba nchi ile ilikuwa ya chama kimoja hadi mwaka 1990, wala kutaja virungu vya polisi hadharani haikuwa mzaha.

Njia ilikuwa imefunguka. Akaja Tiken Jah Fakoly, mzaliwa wa Odienné, kaskazini ya nchi iyo hiyo, akazitia siasa ndani ya rege hata ikambidi ahamie Mali. Disemba 2007 alimwambia Rais Wade wa Senegali aache madaraka, na serikali ikampiga marufuku asikanyage nchi ile.

Labda msomaji ataniuliza: je, siri yote ni lugha? La. Lucky Dube wa Afrika Kusini alianza na nyimbo za Kizulu, kisha rege yake akaiimba zaidi kwa Kiingereza, na bado watu wake waliikubali kuwa yao. Sahani yake Slave ya mwaka 1987 yataja utumwa, lakini utumwa wenyewe ni wa ulevi, maradhi aliyoyaona majumbani mwa watu wake. Kwa hiyo lugha husaidia sana, lakini linalomtia mgeni shambani ni jambo la nyumbani.

Mwaka 2018 UNESCO iliiandika rege katika orodha ya urithi wa wanadamu. Sisi wa Pwani tusisubiri cheti kujua hayo. Taarabu yetu iliazima sauti za Misri na za filamu za Kihindi, ikatia maneno yake, ikawa yetu. Na kabla yake Muyaka bin Haji aliziandika habari za Mombasa katika mashairi, vita na fitina zake, watu wakazipokea kama tupokeavyo gazeti.

Basi silalamiki kwamba matatu zetu zatetemeka kwa rege asubuhi na jioni. Wapo vijana waiimbao kwa Kiswahili, nami nawapa heko. Ninalowaomba ni kwamba wasitosheke na nywele na rangi tatu za bendera. Hapa kuna mzee aketiye katika shamba la babu yake bila hati. Kuna mama ambaye unga wa dawa za kulevya umemharibia wana. Mgeni amekwisha kula na kulala kwetu miaka mingi, na shamba letu lina magugu. Mpeni jembe.