Kinywe cha Mahenge kisiondoke na njia zake

Mjadala wa madini ya kinywe ya Mahenge umejikita katika mambo mawili: ajira zitakuwa ngapi na Serikali itapata nini. Katika Faru Graphite, kampuni ya ubia na Black Rock Mining ya Australia, Serikali ina hisa za asilimia 16 bila kutoa mtaji, kama sheria ya madini inavyotaka tangu marekebisho ya 2017. Mradi wa Epanko, wa EcoGraf ambayo nayo ni ya Australia, uko chini ya sheria hiyohiyo. Hayo ni ya msingi na yafuatiliwe. Lakini kwa mtu wa Ifakara, Lupiro au Mahenge, lenye uzito zaidi ni jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: barabara, umeme na reli vitakavyohudumia kinywe hicho vitapangwa kwa matumizi ya nani? Siku mchimbaji akifunga kazi, ajira na mrabaha vinakoma. Njia inabaki, ila kama tangu mwanzo iliwekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuitumia.

Tuanze mbali, kwenye baridi kali. Schefferville ni mji wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Quebec, nchini Kanada, ambako majira ya baridi kila kitu huganda kwa miezi na hakuna barabara inayoufikia kutoka kusini. Kampuni ya Iron Ore Company of Canada ilijenga reli ya zaidi ya kilomita 500 kutoka bandari ya Sept-Îles, ikakamilika 1954, na mji ukainuka juu ya ardhi isiyolimika. Mwaka 1982 kampuni ilitangaza kufunga machimbo. Waliokuja kwa ajili ya kazi walirudi kwao, na nyumba nyingi zikabomolewa. Waliobaki ni Wainnu na Wanaskapi, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya chuma. Mwaka 2005 jamii zao tatu zilichukua kipande cha kaskazini cha reli hiyo, na hadi leo wanakiendesha wenyewe kupitia kampuni yao ya Tshiuetin. Treni iliyoletwa kubeba mawe ndiyo inayowaunganisha na dunia, na huwashusha wawindaji katikati ya pori. Kati ya vyote vilivyojengwa na kampuni ile, reli ndiyo iliyowafaa zaidi wenyeji.

Kwetu ushahidi ni huohuo. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Uruwira, na machimbo yakafungwa 1960, miaka kumi tu baadaye. Reli bado inabeba abiria na mizigo ya Katavi. TAZARA yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwa Wareno na walowezi wa kusini. Hakuna aliyeichora kwa kufikiria mpunga wa Mlimba. Hata hivyo watu wa bonde la Kilombero waliifanya yao. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu reli hii, alifuatilia stakabadhi za vifurushi na kuonyesha jinsi wakulima na wafanyabiashara wadogo walivyojenga maisha yao juu ya ile treni ya kawaida ambayo wenyewe waliiita kipisi. Treni ya namna hiyo husimama stesheni ndogo kwa dakika chache, na katika dakika hizo mikungu ya ndizi inapitishwa dirishani, magunia ya mchele yanasukumwa mlangoni na mabega matatu kwa pamoja, na bei inamalizwa huku behewa linaanza kuondoka. Kipisi kilipopunguzwa safari, wakulima waliumia kuliko mtu yeyote wa shaba.

Sasa kinywe kinakuja kwenye njia hiyohiyo. Mipango iliyotangazwa inataka mzigo ushuke kwa malori kutoka Mahenge, uvuke mto Kilombero kwenye daraja la Magufuli, lile la mita 384, kisha upakiwe TAZARA pale Ifakara. Na umeme wa mgodi utoke kituo cha TANESCO cha Ifakara. Waliosubiri kivuko mtoni, na wanaokumbuka kile kilichozama Januari 2016, hawahitaji kuelezwa thamani ya njia inayopitika. Basi mkataba useme wazi: njia ya pembeni ya reli itakayojengwa Ifakara iwe na ghala na nafasi ya kupakia mazao, laini ya umeme ishushe transfoma katika vijiji inavyopita, na barabara ijengwe kwa kiwango kinachohimili malori ya madini bila kumwachia mkulima wa Lupiro mashimo na tope la masika.

Wapo watakaosema Kanada yenyewe imeacha kujenga miji ya machimbo; siku hizi migodi mingi ya kaskazini huwaleta wafanyakazi kwa ndege, wakakaa kambini kwa zamu na kurudi kwao, hivyo Mahenge nayo iwe na kambi yenye uzio na hakuna mji utakaokufa baadaye. Kule hoja hiyo ina akili, kwa sababu bila mgodi hakuna cha kumweka mgeni pale. Bonde la Kilombero lina mpunga, miwa na kokoa, na mji wa Ifakara ulikuwapo kabla ya mgodi. Kambi inayojitegemea kwa kila kitu itaitenga tu fedha ya mgodi na soko ambalo tayari lipo. Wengine watasema ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ndogo ya mapato ghafi, utatosha kwa maendeleo ya wenyeji. Tatizo ni kwamba mgodi uko Ulanga, wakati malori, vumbi na msongamano wa kupakia vitafika hadi ndani ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. China ndiyo inayoongoza soko la kinywe duniani, bei hupanda na kushuka kwa maamuzi yake, na mwekezaji akibanwa sana anaweza kuahirisha. Ni kweli, na siombi kampuni ijenge kila kitu peke yake. Ninachodai ni kwamba michoro ichorwe kwa watumiaji wawili tangu mwanzo, kwa kuwa kuongeza transfoma au urefu wa njia ya reli wakati wa usanifu ni nafuu kuliko kurudi kubomoa baadaye. Kama fedha ya ziada inahitajika, Serikali iitoe: ni mbia, na pia ni mmiliki mwenza wa TAZARA pamoja na Zambia. Kuyumba kwa soko hilo ndiko kunakonifanya nisikubali kusubiri, maana bei ikianguka katika mwaka wa nane, hatutakuwa na mtu wa kumdai ghala. Madiwani wa Ulanga na wa Ifakara wana haki ya kukaa meza moja na kuiona michoro hiyo kabla kokoto ya kwanza haijamwagwa, na wabunge wao waiulize Wizara ya Madini bungeni kama ghala la mazao limo ndani yake au halimo.