Nakala ya Picha ya Pwani ni Bidhaa, Si Akiba

Wapo wauzaji wanaowashauri wenye mitaji midogo kuweka fedha zao katika nakala za picha maarufu za pwani, zile zinazochapwa kwa ubora wa kuhifadhiwa miaka mingi. Mnunuzi hupewa cheti, nakala huandikwa namba kwa penseli, naye huambiwa kuwa karatasi na wino vitadumu miaka mia moja, kwa hiyo bei itapanda tu.

Maoni yetu ni kwamba biashara ya nakala hizo ni halali na inaweza kumlipa mfanyabiashara makini. Lakini anayezinunua ili aziuze baadaye kwa bei ya juu anaweka fedha zake mahali pasipo na soko.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1882 mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora picha ya genge la bahari huko Pourville, katika pwani ya Normandy. Wanawake wawili wamesimama juu ya genge, na chini yao yanaonekana matanga baharini. Picha halisi ni mali ya makumbusho ya Art Institute of Chicago, Marekani. Monet alifariki mwaka 1926, na muda wa hakimiliki yake umekwisha. Mwaka 2018 makumbusho hayo yaliweka maelfu ya picha za kazi za zamani kwenye intaneti, zitumike bila malipo hata kwa biashara. The Metropolitan Museum of Art ya New York ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2017.

Maana yake ni kwamba malighafi kuu ya biashara hii haina bei. Mchapaji wa Dar es Salaam akitoa nakala 200 zenye namba, hakuna wa kumzuia mwenzake wa Nairobi au Dubai kutoa 2,000 wiki inayofuata. Namba ile huhesabu nakala za mchapaji mmoja tu. Haihesabu nakala zilizopo sokoni.

Wauzaji hupenda kutaja bei za minada. Ni kweli kwamba mwezi Machi 2023 chapa ya wimbi kubwa ya Mjapani Hokusai iliuzwa na Christie's, New York, kwa dola za Marekani milioni 2.76. Lakini ile ni chapa ya asili, iliyopigwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa miaka ya 1830. Vibao vilichakaa, na chapa nyingi zilipotea au kuharibika. Uhaba wake umeletwa na wakati, wala hakuna awezaye kuuongeza au kuupunguza. Nakala ya wimbi hilohilo iliyochapwa mwaka huu haina uhaba huo, hata ikiwa imechapwa vizuri namna gani.

Je, ubora wa nakala hauna thamani? Unayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachapaji wa Marekani walipoanza kutumia mashine za Iris kwa kazi za sanaa, wino wa mwanzo ulipauka upesi kwa mwanga. Baadaye ulikuja wino wa chembe za rangi, ambao hustahimili mwanga zaidi, na ukiwekwa kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi picha hukaa miaka mingi. Hata hivyo, makadirio ya miaka mia hutokana na majaribio ya maabara, na huchukulia kuwa picha imekaa ndani, nyuma ya kioo, mbali na jua kali. Katika pwani yetu, yenye unyevu na chumvi hewani, picha isiyofungwa vizuri kwenye fremu itaota kuvu kabla wino haujapauka.

Kwa hiyo ubora ni sababu ya kulipa zaidi, lakini kudumu si kupanda bei. Sufuria nzito nayo hudumu, na hakuna anayeiweka kabatini akingoja faida. Hisa ina gawio kampuni ikipata faida, na bei yake hutangazwa na soko. Hatifungani ina riba na tarehe ya kulipwa. Nakala ya picha haina gawio wala riba, na mwenye kuishika hana pa kuulizia bei.

Anayeshawishiwa kununua na afanye jambo moja: amwombe muuzaji aandike kwa mkono wake kuwa atainunua tena nakala hiyo baada ya mwaka, na kwa bei gani. Akikataa, jibu limepatikana.

Kwa wafanyabiashara, faida ya shughuli hii iko katika kazi na mzunguko. Hoteli, ofisi na zahanati huhitaji picha ukutani, na hulipia kitu kilichokamilika. Piga hesabu ya karatasi, wino, nakala zitakazoharibika, fremu, kioo na usafiri, kisha uweke faida yako. Usichape nyingi za kungojea wateja. Faili haliozi, lakini karatasi hula unyevu ghalani. Andika kwenye stakabadhi aina ya karatasi, aina ya wino na mwaka wa kuchapwa, na useme wazi kuwa ni nakala. Aidha, soma masharti ya kila makumbusho, maana si yote yanayoruhusu biashara, na kwa mchoraji aliye hai hapana budi kupata idhini ya maandishi.

Kizuri chajiuza. Nakala iliyochapwa vyema itapata mnunuzi kwa uzuri wake, bila ahadi ya utajiri. Anayeipenda picha ya Pourville ainunue, aitundike sebuleni, na fedha hizo azihesabu kuwa ni matumizi. Fedha za ada ya watoto zisiguswe kwa ajili hiyo.